Karatasi Ishirini na Soketi Moja

Mke wa mwanangu ni fundi wa nguo, na siku hizi vipimo vya gauni anavichora kwenye kompyuta. Printa inavitoa kwenye karatasi ishirini, anaziunga kwa gundi sakafuni, kisha anakata kitambaa akizifuata. Asubuhi hiyo bibi harusi alikuwa anakuja saa nne kuona kitambaa chake kikikatwa. Fundi wa kwanza alimharibia, kwa hiyo alishaonya: akikuta hakuna kilichoandaliwa, anabeba kitambaa chake anaondoka.

Saa mbili printa ikatoa karatasi sita, ikagoma. Taa ya chungwa ikawa inapepesa kama jicho la mwanamke anayejua kitu.

"Haioni waifai," akasema mkwe.

"Niachie mimi," akasema mwanangu. Yeye hutengeneza mafriji, na anaamini kila chenye waya ni friji iliyokonda. Akaizima, akaiwasha, akaifuta kwenye kompyuta, akaiingiza upya, akaandika neno la siri kwa kidole kimoja, ulimi nje. Ikatoa karatasi mbili. Akajipiga kifua. Ikagoma.

Mimi nilikuwa sebuleni na shughuli zangu. Shoga yangu alikuwa ananisimulia kwa simu jinsi mumewe, mzee wa miaka sabini, alivyopaka nywele rangi nyeusi ikamwingia mpaka masikioni. Simu yangu huisha chaji kabla shoga hajafika katikati, na soketi ya sebuleni ni moja. Basi nikawa nachomoa ruta, ile inayotuletea intaneti, nachomeka chaja; nikipata chaji kidogo, nairudisha. Mwanangu alipokuja kuikagua, taa zake zote zilikuwa zinawaka.

"Ruta nzima. Ugonjwa uko kwenye printa."

"Pole, baba," nikamwambia.

Mara ya tatu ndipo masikio yangu yalipofunguka. Nikichomoa tu, mkwe nyuma ya ukuta anasema, "Jamani!" Nikachomoa mara moja zaidi, kwa ajili ya uhakika.

"Jamani!"

Ungekuwa wewe ungesema? Na mimi sikusema. Nikairudisha ruta, nikasubiri taa ziwake, nikaenda kuipapasa printa mgongoni. "Amka, mjukuu wangu, tuna kazi." Nilitaka ifufuke nipewe sifa. Haikufufuka.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Mkwe akakaa kwenye kiti cha cherehani, akafunika uso. "Mama, huyu akiondoka, atanitangaza mtaa mzima."

Hapo kicheko kikanikauka.

"Ni mimi," nikasema. "Huwa naichomoa ruta nichaji simu."

Mwanangu akaiacha printa, akanigeukia.

"Mara ngapi, mama?" akauliza mkwe.

"Leo, au tangu mwaka jana?"

Hakunigombeza; muda wenyewe haukuwepo. Akampigia dada anayetengeneza kompyuta mtaa wa pili, akaweka sauti ya juu sote tusikie.

"Ruta ikizimwa, ikiwaka inagawa anwani upya," akasema yule dada. "Kompyuta inaifuata printa kwenye anwani ya zamani. Ni kumpigia hodi mtu aliyehama. Ingieni kwenye ruta, ipeni printa anwani yake ya kudumu, na kompyuta iambieni hiyo hiyo. Nani anaizima?"

"Mama mkwe."

"Mfungeni kamba."

Mkwe akataja namba, mwanangu akaandika, safari hii ulimi ndani. Saa nne kasoro kumi karatasi ya tisa ikatoka, ikifuatwa na wenzake.

Bibi harusi akagonga mlango tukiwa kwenye ya kumi na nne. Akaona sakafu imejaa karatasi, uso ukaanza kukunjamana.

"Hamjamaliza?"

"Bibi, ingia, vua viatu," nikamwahi. "Fundi wako hafanyi mambo kwa kificho. Anataka uone gauni lako likiungwa kipande kwa kipande."

Nikamtia gundi mkononi. Kabla hajajua anafanya nini alikuwa amepiga magoti, ameunga mkono wa kushoto na kiuno, anauliza mkia utafika wapi. Ya ishirini ikatoka.

"Yule wa kwanza hakunionyesha hata mkasi," akasema.

"Mimi wateja wangu huwa nawashirikisha," akajibu mkwe, akanitupia jicho moja refu.

Kisha akatandaza kitambaa cheupe, akanipa ncha moja nishike, bibi harusi akashika nyingine, na mkasi ukaingia.