Mji Nilioutoa Siku ya Mechi

Namwaga chokaa. Ndoo iko mkono wa kushoto, kopo lenye matundu liko mkono wa kulia, nami natembea nimeinama nikifuata kamba tuliyoivuta kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, na huko mwisho wa kamba amekaa Kashindi, ameishika kwa mikono miwili na kuikaza kwa mguu, uso kauelekeza juani kwa sababu jua halimsumbui tena. Presha ya macho ilimzimia taa zote mbili, ndivyo asemavyo mwenyewe, na tangu hapo kila mechi ya nyumbani ya Chumvi FC tunaketi pamoja jukwaa la mashariki, mimi natazama na yeye anasikiliza, na kila ninachokiona nakisema sikioni mwake, taratibu, maana mimi si mtu wa kelele. Kesho ni mechi ya mwisho ya msimu. Tukishinda tunabaki, tukitoka sare au tukifungwa tunashuka daraja, na wenye kiwanda cha chumvi wamekwisha kusema timu ikishuka hawataitunza tena, kila mchezaji arudi kwao. Kwa hiyo chokaa ya leo naimwaga polepole kuliko siku zote. Umefika wapi, ananiuliza Kashindi. Nakaribia katikati. Mstari umenyooka? Umenyooka. Ruhwanya, sikukuuliza unavyotaka uwe, nakuuliza ulivyo. Nageuka kuutazama. Umepinda kidogo hapo palipokuwa na kichuguu, namwambia. Enhee, anasema, sasa nauona. Uache hivyo hivyo, hiyo ndiyo kamati yetu ya ufundi, ndumba zetu, wageni watachanganyikiwa. Tunacheka wote wawili. Kiuno kinaniuma, kwa hiyo namwambia napumzika kidogo, naenda kukaa kwenye nukta ya penalti ambako majani ni laini, ncha ya kamba ya upande wangu nimeichukua kiganjani, nafumba macho kwa ajili ya mwanga tu, si kwa ajili ya usingizi, na kamba inavutwa.

Inavutwa taratibu, kama Kashindi ananiita, basi nainuka na ndoo yangu na kuifuata, na kwa kuwa sipendi kutembea bure namwaga chokaa njiani, mstari unafika kwenye kona lakini haupindi, unapita mahali penye ukuta na ukuta haupo, unatoka nje ya uwanja na kuwa barabara, na barabara inazaa barabara, zote nyeupe, zote zimechorwa na mkono wangu kabla sijafika. Chokaa ndooni haipungui. Namwita Kashindi, Kashindi hajibu, naivuta kamba na ncha yake inakuja kavu, haina mtu. Kwa mbali nasikia ngoma na nyimbo zetu, nasikia watu wakizomea, na naelewa kwamba mechi si kesho, mechi ni sasa hivi, na Kashindi yuko huko ndani ya kelele peke yake hana wa kumwambia kitu. Naongeza mwendo. Kwenye njia panda amesimama mtu mwenye jezi nyeupe, namba saba mgongoni. Samahani ndugu yangu, namwambia, naulizia uwanjani. Anageuka, na upande wa mbele nao ni mgongo, namba saba nyuma na namba saba mbele, na juu ya kola pande zote ni kisogo. Sauti inatoka mahali fulani humo. Kitendawili, anasema. Sina muda, nataka kumjibu, lakini mtu aliyelelewa kwetu akiambiwa kitendawili mdomo wake hujibu wenyewe, na wangu unajibu, Tega. Ana nyumba mbili, anasema namba saba, moja anailinda asiingie mtu, nyingine anahangaika aingie yeye, na zote mbili hazina paa. Nafikiri. Nafikiri kwa utaratibu wangu, naanza na nyumba, naenda kwenye paa, narudi kwenye nyumba, na ngoma inazidi kulia. Mwanamume mwenye wake wawili, nasema mwishowe. Wewe mmoja tu anakushinda, utawajuaje wawili, anasema, na nyuma yangu watu nisiowaona wanacheka. Umeshindwa. Nipe mji. Nakupa Mpanda. Haya, anasema, nimekwenda Mpanda, wamenipokea, wamenipikia kuku, nimekula nimeshiba, na anaposema hivyo mji wa Mpanda unasimama pande zote mbili za barabara, kila nyumba inaitazama nyumba inayofanana nayo, kila duka lina mwenzake mwenye kibao kilichoandikwa kwa kugeuzwa, na kila mtu anayepita huku yuko pia kule, wakienda uwanjani kinyumenyume. Jibu ni magoli ya uwanja, anasema namba saba. Naona aibu. Magoli nayafunga nyavu kwa mikono yangu kila wiki.

Natembea katikati ya mji, na yeye yuko mbele yangu, au yuko nyuma yangu, kwa mtu wa namna ile huwezi kujua. Ndugu, namwambia, mwenzangu haoni, anatakiwa awe na mimi. Kitendawili, anasema. Tega. Maelfu wanakitazama, ishirini na wawili wanakigombea, na anayekipata haraka anakitoa. Hiki nakijua. Nakijua kama ninavyolijua jina la mama yangu, kiko kwenye ulimi, nakichora hewani kwa mikono miwili, cha duara, cha duara, nasema, kile cha duara, kinachopulizwa, na neno haliji. Chapati, anasema mmoja nyuma yangu, na kicheko kinapita mji mzima na mji mwenzake. Nipe mji. Nakupa Tabora. Na Tabora inakuja na maembe yake na reli yake, reli mbili, treni mbili zinapishana na kila dirisha lina mtu mwenye kisogo mbele, na mimi nakimbia kando ya mstari mweupe nikifikiria jambo moja tu, kwamba sasa hivi kuna mtu amemwinamia Kashindi na kumwambia kitu ambacho si kweli. Watu wa uwanjani wana tabia hiyo. Mmoja anapiga kelele goli kumbe ni kona, mwingine anasema amepewa kadi kumbe anafunga viatu. Kashindi huwa anauliza, Ruhwanya, eti kweli? Na mimi huwa namwambia. Ni hayo tu tuliyonayo kati yetu, hatuna undugu wa damu, hatuna biashara, tuna hayo. Kitendawili, anasema namba saba. Niache, bwana, nasema, halafu nasema Tega. Mmoja humgawia mwenzake alichonacho na hakipungui, lakini akimgawia cha bandia mara moja tu, wote wawili wanabaki hawana. Sijui. Naomba nifikirie. Fikiria, anasema. Filimbi inalia huko mbele, ndefu, kama ya kuanza au ya kumaliza. Sijui, nasema, sijui, nipishe. Basi nipe mji. Nautafuta mji kichwani, na kichwa ni kitupu, Mpanda imekwenda, Tabora imekwenda, miji mingine yote imenitoroka, na kwa haraka ile nasema jina ambalo ulimi wangu husema kila nikiulizwa natokea wapi. Nakupa Chumvini.

Namba saba hacheki. Hata walioko nyuma yangu hawacheki. Nimekwenda Chumvini, anasema kwa upole, wamenipokea, wamenipa funguo za uwanja, nimekaa jukwaa la mashariki. Na pale pale tumefika. Ukuta ni ule ule, geti ni lile lile lenye bawaba moja mbovu, lakini mlinzi ananyoosha mkono na kusema, Wageni magharibi. Mimi ni mwenyeji, nasema, chokaa hii nimemwaga mimi. Mlinzi anaitazama ndoo. Asante kwa chokaa, anasema, wageni magharibi. Napita mbele ya jukwaa letu, watu wote wana jezi nyeupe, wote ni migongo, na wananiimbia mimi, kwa sauti ninazozijua, sauti ya kinyozi wangu, sauti ya shemeji yangu. Mgeni huyo, anapaza sauti mama muuza karanga ambaye hunikopesha hadi mwisho wa mwezi, mpeni maji ya kunywa, asije akasema kwao hatukumkaribisha. Leo mtayeyuka, wanaimba, leo mtayeyuka, na huo ndio wimbo ambao wageni hutuimbia sisi kila mwaka kwa sababu ya chumvi yetu, nao wanauimba vizuri kuliko wageni.

Kashindi yuko magharibi, safu ya mwisho, amekaa na kuacha nafasi ya mtu mmoja. Naketi. Umechelewa, anasema bila kugeuka. Nilipotea. Nani amekusimulia, namuuliza. Hakuna, wengi wamejitolea, nimewaambia nina wangu. Nimekaa gizani tangu mpira uanze. Haya, sema. Natazama. Uwanja uko kimya, wachezaji wote wamesimama kama nguo kwenye kamba, mpira umelala kwenye mguu wa Bitungwa, mshambuliaji wetu, na ubao wa matokeo hauna kitu pande zote mbili. Bitungwa ana mpira, nasema, na Bitungwa anaanza kukimbia. Anamtoka mmoja, nasema, na anamtoka mmoja. Nanyamaza, wanasimama. Unaona nini, anauliza Kashindi. Anaingia kwenye boksi, nasema, anavutwa jezi, refa anaweka filimbi mdomoni, na sijui kama nimeona ndipo nikasema au nimesema ndipo nikaona, lakini filimbi inalia na mkono wa refa unaonyesha nukta ya penalti. Penalti, namwambia Kashindi, ya kwetu. Kashindi ananishika kiganja. Dakika za mwisho? Nadhani. Nasikia pumzi shingoni mwangu, namba saba ameinama nyuma yetu. Sema goli, ananiambia. Neno moja tu. Ukisema goli ni goli, na mji wako nakurudishia pamoja na timu yake. Anapiga nani, anauliza Kashindi. Bitungwa mwenyewe. Amerudi nyuma, ameshika kiuno, anatazama chini. Kipa wao mrefu? Mrefu, anarukaruka. Bitungwa anakwenda, amepiga, nasema, na mpira unaondoka, na katikati ya njia unasimama hewani, unazunguka pale pale, unanisubiri. Uwanja mzima unanisubiri. Nauona vizuri kabisa unakoelekea. Unaelekea nje ya mlingoti, kiasi cha kiganja, si zaidi, na ninajua kwamba nikisema lile neno utajikunja kidogo kama mstari wangu ulivyojikunja kwenye kichuguu, na hakuna atakayejua, na kiwanda hakitaiacha timu, na vijana hawatarudi kwao. Sema, anasema namba saba. Mkono wa Kashindi uko kwenye mkono wangu, mwepesi, haunibani, haunisukumi, unasubiri tu kama unavyosubiri siku zote. Ruhwanya, anasema, mbona kimya? Kimya ni kibaya zaidi. Umetoka nje, namwambia. Kidogo tu. Kushoto kwa kipa.

Mpira unatoka nje. Migongo yote ya jukwaa la mashariki inageuka kwa mara moja, na sasa wana nyuso, kinyozi, shemeji, mama wa karanga, kila mmoja na uso wake, na kila uso unalia, na sijawahi kuwaona wazuri kama hivyo. Kashindi naye analia, lakini mkono hautoi. Aliupiga vizuri? Aliupiga vizuri, mguu wa kusimama ulimteleza. Maskini Bitungwa, anasema. Amefanya nini? Ameketi chini, amejifunika jezi usoni. Kuna aliyemwendea? Kipa wao amemwendea, anamwinua. Huyo ni muungwana, anasema Kashindi. Imekwisha? Natafuta saa, sioni saa. Sijui, namwambia. Basi usiache, anasema, endelea, na mimi naendelea, kipa anauweka mpira chini, anarudi nyuma, anawaambia wenzake wapande, nasema na sauti inazidi kukauka, nasema na midomo inawasha, nasema na ninachosema kina ladha ya chokaa.

Nimelala kifudifudi kwenye nukta ya penalti. Jua limeshuka nyuma ya kiwanda. Nainua kichwa na kuutazama uwanja, majani yamekanyagwa, lakini majani yetu yamekanyagwa daima. Kwenye jukwaa la mashariki kuna maganda ya karanga, nami sikumbuki kama asubuhi yalikuwepo. Kashindi amekaa upande ule ule. Kashindi, namwita, na sauti yangu imekauka kama ya mtu aliyeshinda akisema. Naam, anajibu, na yake ni vivyo hivyo. Naenda nakaa karibu naye. Namuuliza, hivi mechi ni kesho, au imechezwa? Anafuta uso kwa kiganja, uso una unyevu, inaweza kuwa jasho. Mimi nimesikia filimbi, anasema, nimesikia watu, nimekusikia wewe sikioni, lakini mtu kama mimi husikia mengi akiwa macho na akiwa amelala. Wewe ndiye mwenye macho. Niambie wewe. Nafungua mdomo. Liko jibu moja jepesi, liko karibu sana, kwamba alikuwa anaota, kwamba ni kesho, kwamba kesho tunashinda. Natazama tena, polepole, kutoka kona hadi kona. Mistari ya pembeni imekamilika, namwambia. Wa katikati umefika nusu. Duara halijaanza. Magoli yote mawili hayana nyavu. Hayana nyavu? Hayana. Zimefunguliwa baada ya mchezo, au hazijafungwa? Sioni, namwambia, kutoka hapa naona milingoti tu. Kashindi anatikisa kichwa kukubali, anaanza kuikunja kamba kwenye kiwiko. Mwanga umebaki? Mdogo, hautoshi kuchora duara. Basi duara kesho asubuhi, anasema. Kesho asubuhi, nasema, halafu nyavu. Nampa mkono, anainuka, tunakwenda kando ya chokaa, na kila hatua namwambia kilichopo mbele yake, hapa ni sawa, hapa kuna jiwe, hapa inua mguu.