Kodi ya Kulainisha Ngozi

Kabla sijaanza, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mimi, Konsolata wa kidato cha tatu, sikumdanganya mtu yeyote. Nilitafsiri tu.

Mlezi wa klabu yetu ya mdahalo ni Mwalimu Idd, aliyeletwa Hanang kutoka Tanga. Tangu ashuke kwenye basi ana ugomvi na upepo wetu. Upepo wa mwezi wa saba ukishuka kutoka mlimani unakausha nguo, unakausha maharage, halafu unamgeukia mtu. Sisi wa Maretadu tumezaliwa na upepo, tumezoeana. Mwalimu Idd anapambana nao kwa losheni. Ana kopo kubwa ofisini, kubwa zaidi nyumbani, na dogo mfukoni kwa dharura. Akiingia darasani asubuhi, wanaokaa mbele hawahitaji kioo.

Siku ya wazazi ikakaribia. Midahalo yetu huwa ya Kiingereza, lakini siku hiyo tunajadili kwa Kiswahili ili wazazi wasikie ada yao inavyoongea. Mwalimu akaniita ofisini, maana mimi ndiye katibu wa klabu, akanionyesha mada aliyoiokota kwenye simu. Ilikuwa ya Kiingereza. Iliuliza kama serikali zitoze kodi watu wanaobadilisha rangi ya ngozi zao kwa taa, ndani ya nyumba, pamoja na starehe nyingine za namna hiyo.

"Mwalimu, taa gani hiyo?"

"Ni mambo ya Wazungu, Konsolata. Kuna sanduku lenye taa kali. Mtu anavua nguo, analala humo, anafunikwa, akitoka amekuwa kahawia."

"Kama vifaranga vya kisasa."

"Kama vifaranga."

"Na analipa?"

"Tena analipa vizuri. Na baadaye wengine wanapata saratani. Wewe tafsiri, iwe fupi. Baltazar ataitangaza mnadani, asije akachoka katikati."

Nikakaa kwenye kona ya ofisi na kalamu. Nilijaribu "kujianika ndani ya sanduku", nikaona mzazi hawezi kuacha ng'ombe wake kuja kusikiliza habari za masanduku. Nikiwa nafikiri, Mwalimu Idd akafungua kopo akaanza kushughulikia viwiko. Alivipaka kwa upendo, kimoja baada ya kingine, na hapo ndipo tafsiri iliponijia. Nikaandika: *Serikali itoze kodi kulainisha ngozi ndani ya nyumba, na starehe nyingine binafsi.*

Mpango wangu ulikuwa wa amani kabisa. Mdahalo ukishapamba moto, ningesimama kwa heshima zote na kuwaomba wazazi wamtazame mlipa kodi mkubwa kuliko wote wilayani, aliyekaa pale mbele akimeremeta.

Mwalimu akasoma. "Kulainisha? Si ilikuwa kubadilisha rangi?"

"Mwalimu, hayo yote si mambo ya ngozi?"

Akafungua mdomo kunijibu, kengele ya chai ikalia. Akasaini. Wasomi wengi wa nchi hii wameponzwa na kengele ya chai.

Sasa Baltazar. Huyu ndiye sauti ya mnada. Ana pikipiki, kipaza sauti na koo ambalo hata mafahali wanaliheshimu. Kiswahili chake amekipatia hapohapo mnadani, katikati ya madume ya mbuzi na dawa za kupe, na kinatosha kwa kazi yake. Alipofika kwenye neno "itoze" akaona ni kosa la mwandishi. Serikali haiombi ruhusa ya kutoza, serikali hutoza. Kwa wema wake akatusahihishia.

"Wazazi wote mfike shuleni Jumamosi!" akatangaza. "Serikali itatoza kodi kulainisha ngozi ndani ya nyumba!"

Shuleni, ngozi ni kile unachopaka mafuta baada ya kuoga. Lakini mnadani walikuwepo wafugaji wa Getanuwas, na huko ukisema unalainisha ngozi ndani ya nyumba, kila mtu anamwona mama ameketi na ngozi ya ndama mapajani, anaisugua kwa samli mpaka ikunjike kama kitambaa. Ndiyo inayoshonwa vazi la mwanamke anayeolewa.

Habari za matokeo ya tafsiri yangu nilizipata kwa Judith. Judith ni Mbarabaigi wa Getanuwas. Bwenini yeye analala kitanda cha juu na mimi cha chini, jambo ambalo anasema ndivyo ilivyopaswa kuwa kati ya watu wake na sisi watani wao Wairaqw. Mchana mmoja aliitwa getini, kaka yake Lameck alikuwa amefika. Aliporudi hakunitania. Hapo nikajua kuna msiba.

"Nani kafa?"

"Ngozi," akasema Judith.

"Ngozi ya nani?"

"Ya dada yangu Filomena. Anaolewa wiki ijayo. Bibi alikuwa anamalizia kulainisha ngozi ya vazi lake, akasikia serikali inakuja na kodi. Ameiviringisha hivyohivyo, imeloana, akaificha nyuma ya ghala. Upepo umeipata. Lameck anasema ukiigonga inalia kama bati."

"Si aloweke tena?"

"Anaogopa. Anasema mtendaji akimkuta anasugua, atamchukulia ndama mwingine. Na ameapa Filomena hatoki kwenda kwa mume bila vazi lile. Mama alivaa la mkono wake, shangazi alivaa la mkono wake." Akanikazia macho. "Konso, ile tafsiri alifanya nani?"

"Klabu," nikasema.

"Klabu ina mwandiko wako. Rekebisha."

Nikakimbia kwa Mwalimu Idd. Nilimweleza kila kitu isipokuwa viwiko vyake. Akashika kichwa, akampigia Baltazar simu, akamwelewesha taratibu, neno kwa neno, kama anavyotuelewesha sisi. Baltazar akasema ameelewa. Jioni ileile pikipiki ikapita kijiji kwa kijiji.

"Marekebisho! Marekebisho! Ile kodi haihusu ngozi ya ng'ombe! Ni ngozi ya mtu!"

Sijui kama umewahi kuona eneo zima likiacha kupaka mafuta. Jumamosi bwalo letu lilijaa wazazi waliopauka kama mihogo mikavu. Miguu ilikuwa na michoro ya kucha. Akina mama wa mjini, ambao kwa kawaida unawanusa kabla hawajafika, walikaa wakijikuna kimyakimya. Hakuna aliyetaka kukutwa na ushahidi mwilini. Hata mgeni rasmi, Bwana Modest, mtendaji wa kata, alikuja na mikono ya kijivu. Katika ukumbi wote aling'aa mtu mmoja tu, Mwalimu Idd, na wazazi walimtazama kwa huruma kama mtu atakayekamatwa wa kwanza.

Nakiri utani wangu ulikuwa umejileta wenyewe mezani, umeiva, na sikuweza kuula. Kwenye safu ya mbele alikuwa ameketi bibi yake Judith, mwenye vazi la ngozi na bangili za shaba, na Lameck amesimama kando yake ameshika ngozi iliyokauka, wima, kama mtu aliyeng'oa mlango.

Nilipangiwa kuunga mkono mada, nikaunga mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "mada yetu hasa ni watu wanaolala ndani ya taa ili wabadilike rangi. Mtu huyu akiungua, akipata saratani, anatibiwa wapi? Hospitali ileile ambayo mama yangu anapanga foleni. Basi achangie mapema. Na tusiwacheke Wazungu peke yao. Wao wanajichoma wafanane na sisi, dada zetu wanajipaka mkorogo wafanane na wao. Serikali ikiweka kizuizi katikati ya barabara, itawapata wote, wanaokwenda na wanaokuja!"

Wakapiga makofi. Judith akasimama kupinga, na hakuwa anaigiza.

"Nani anapanga kipi ni starehe? Anayetazama kwa mbali anaona kila kitu cha mwenzake ni starehe. Mwalimu Idd asipopaka, ngozi inapasuka mpaka damu. Hiyo ni starehe au dawa? Bibi yangu amesugua ngozi tangu masika. Kwa mtu wa mjini ni pambo tu. Kwetu dada hawezi kuondoka bila hilo. Mkianza kutoza vitu msivyovijua, mtatoza watu."

Mwalimu Idd alianza kupiga makofi, akakumbuka yeye ni mlezi wa pande zote, akajifanya anaua mbu.

Kisha bibi akainuka. Ukumbi mzima wa vijana ukasema "Shikamoo" kama tuko mstarini. "Marahaba," akasema, akamgeukia Bwana Modest.

"Mtendaji, nauliza. Ndama wangu. Samli yangu. Mkono wangu. Mjukuu wangu. Serikali iko wapi hapo katikati?"

"Bibi, wanaozungumziwa ni watu wa taa," akasema Bwana Modest, akaanza kumweleza habari za lile sanduku. Judith akawa anamtafsiria. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka bangili zikacheka naye.

"Anavua nguo? Anafunikwa? Na jua liko nje, bure?"

"Ndiyo, bibi."

"Huyo alipe! Alipe mara mbili!"

Ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Na losheni je, bibi?"

"Nayo ilipe."

"Na ugoro?"

Mkono wa bibi ukaenda wenyewe kwenye kikopo kilichoning'inia shingoni mwake. "Ugoro ni dawa ya kichwa," akasema. "Kaa chini."

Baada ya hapo mwenyekiti alipoteza kikao. Akina mama walitaka pombe itozwe, wanaume wakasema itozwe mikeka ya kusukia nywele, akina mama wakajibu kwanza itozwe mikeka ya kubashiri mpira. Mchungaji alipendekeza bando za vijana, kijana mmoja akauliza kuhusu soda za mchungaji. Mwishowe mwenyekiti akasoma uamuzi: kwamba kikao kimekubaliana starehe zote zitozwe kodi, isipokuwa ya mtu anayeongea.

Bwana Modest akaomba kipaza sauti. "Ndugu wazazi, kodi hii haipo. Haikuwahi kuwepo. Hata mimi niliisikia mnadani." Akatazama mikono yake ya kijivu. "Nikaona nisubiri waraka."

Watu wakacheka kwa ahueni, na tayari mifuko ikaanza kufunguliwa na vikopo kutoka. Bibi hakucheka. Aliigonga ile ngozi kwa kidole. Ko, ko.

"Na hii?" akauliza. "Harusi ni wiki ijayo. Mikono yangu imechoka, haiwezi kuanza tena mwanzo. Nani alitengeneza yale maneno?"

Judith alinitazama tu, na kumbe macho ya mtu mmoja yakitulia mahali, ukumbi mzima huyafuata.

"Bibi," Mwalimu Idd akasimama, "aliyesaini ni mimi."

Hilo sikulitegemea. Ningeweza kubaki nimekaa na historia ingenihifadhi. Lakini kumwacha mtu anayeng'aa vile asimame peke yake mbele ya watu waliopauka lilikuwa jambo lisilovumilika. Nikasimama.

"Na aliyeandika ni mimi."

Bibi akatupima kwa macho. "Basi kodi ipo," akasema. "Mtalipa ninyi wawili. Kesho."

Kwa ruhusa ya mkuu wa shule, iliyotolewa kwa furaha isiyofaa, tulikwenda Getanuwas. Mwalimu Idd alikunja mikono ya shati, bibi akamzuia mlangoni. Ngozi ni kazi ya wanawake. Yeye alitumwa maji, kisha akatumwa samli, na kiangazi samli ni adimu. Tulimwona akipita boma kwa boma kwenye vumbi, akiomba kijiko kwa Kiswahili cha Tanga, na watu wakimpa ili tu aendelee kuongea.

Ndani, mimi na Judith tulisugua. Tuliloweka, tukakamua, tukasugua, tukavuta, bibi akisema "bado" kabla hatujamuuliza. Filomena aliketi pembeni akitunga shanga, na kila tulipopumzika alitazama ile ngozi, halafu akatazama chini haraka. Sikuwa na mzaha wa kumpa. Nikasugua.

Siku ya pili samli ikaisha. Mwalimu Idd, kwa uso wa mtu anayetoa figo, akaleta kopo lake kubwa, lile la nyumbani. Bibi akafungua, akanusa kwa muda mrefu.

"Kwa ngozi hii, hapana," akasema, akiigusa ya ndama. Mwalimu akanyoosha mkono kulichukua. Bibi akanyoosha miguu. "Kwa hii, sawa."

Kopo halikurudi. Lameck alikwenda Masakta kwa shangazi yao akaleta samli ya kutosha, na jioni moja, tukiwa hatutegemei tena, ngozi ikaniangukia mkononi bila sauti, ikakunjika vidoleni kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Nikampelekea bibi. Akaikunja, akaikunjua, akaipitisha shavuni. Hakusema "bado". Filomena akafunika uso kwa viganja, mabega yakacheza, na Judith akanipiga teke dogo ambalo kwa Mbarabaigi kwenda kwa Mwiraqw ni nishani.

Siku ya harusi tulialikwa. Filomena alitoka nyumbani na lile vazi, shanga zikizungumza kila anapopiga hatua, wanawake wakiimba mbele na nyuma. Nyuma yake alitembea bibi, mgongo wima, miguu inameremeta mpaka vifundoni, harufu nzuri ya losheni ikimfuata kama mpambe.

Mwalimu Idd alisimama kando yangu kwenye upepo, amepauka hadi masikioni.

"Konsolata," akaninong'oneza, "kwa tafsiri yako wewe, yule bibi anadaiwa kodi."

"Kweli kabisa, Mwalimu. Nenda ukamdai."

Alimtazama bibi akipita, akamwamkia "Shikamoo" kwa unyenyekevu mkubwa, akafunga vifungo vya koti.