Upele wa Wacheza Mbina

Mboje wa Kimali hakuwa mtu wa kujificha. Alikuwa ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo wa kundi la ngoma la Wagika, na kazi ya ningi ni kusimama mbele ya watu kifua wazi. Lakini msimu ule wa mavuno alianza kutembea na mikono mifukoni. Katikati ya vidole palikuwa pamejaa vipele, na akianza kujikuna hawezi kuacha.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Zamani mkulima alipeleka pamba yake kwa chama cha ushirika, basi. Sasa wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, kila mmoja akitaka apendwe yeye. Mmoja alitangaza kwamba pamba ikishauzwa ataandaa mbina, ngoma kubwa ya mashindano pale gulioni: Wagika wa Mboje na Wagalu wa Mihayo kutoka Bukundi. Kundi litakalovuta watu wengi litaondoka na dume la ng'ombe.

Mboje akafunga safari mpaka Bariadi kutafuta sare. Mitumba nayo ilikuwa imefurika siku hizo, na pale soko la Somanda alimkuta mchuuzi amefungua belo ambalo mwenyewe hakujua alifanyie nini: makoti mekundu ya sufu ya wapiga tarumbeta wa nchi gani sijui, yenye vifungo vinavyong'aa na nyuzi za dhahabu mabegani. Mboje alivaa moja, akajitazama kwenye kioo cha duka la jirani, akacheka peke yake. Alirudi Kimali na belo zima, amelikalia juu ya lori.

Vijana waliyapenda kupita kiasi. Walikuwa wamepiga kambi kwake kwa mazoezi, wanalala nyumba moja, wanavutana mablanketi, na kila asubuhi anayewahi kuamka ndiye anayechagua koti. Haukupita muda mrefu kundi zima likawa linajikuna. Mpiga ngoma alikuwa anapiga kwa mkono mmoja, wa pili uko kiunoni.

"Ni hayo makoti," alisema Milembe, mkewe Mboje, ambaye naye alikuwa anakuna kwapa. "Mzungu amekufa na upele wake, wewe umeubeba mpaka nyumbani kwangu. Choma."

"Nichome sare? Nichome mimi kwanza. Huyu ni Mihayo. Ametutupia kitu."

Alikwenda kwa mzee Ngassa, mganga aliyekuwa akilitengenezea kundi dawa ya mvuto tangu enzi za baba yake Mboje. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho huku anasugua kiwiko kwenye nguzo ya nyumba.

"Mihayo awaroge ninyi, sawa," alisema. "Na mimi je? Mimi sichezi. Nilikuja kwenu kula na kulala tu, na mwili wote unawaka. Nenda zahanati, mwanangu. Ukipata dawa uniletee na mimi."

Zahanati alikuwepo muuguzi Felisita, mama mnene mwenye sauti ya kuimba kwaya.

"Mwangaluka, mayu," Mboje alimsalimia kwa Kisukuma, mikono bado mifukoni.

"Mwangaluka, baba. Haya, toa hiyo mikono."

Akaishika, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Unauona huu mstari mwembamba kama uzi wa kijivu? Hiyo ni njia yake."

"Ya nani?"

"Ya kidudu. Unaujua utitiri wa kuku? Ni ndugu yake, ila huyu ni mdogo zaidi, macho hayamwoni. Jike anachimba ndani ya ngozi, anataga mayai humo humo. Mwili unamkataa, ndiyo huko kuwashwa."

Mboje akautazama mkono wake kama shamba lililoingiliwa na ngiri. "Kwa hiyo Milembe amesema kweli. Ni makoti."

"Makoti yamekaa kwenye belo miezi na miezi. Kidudu hiki kikikosa mwili wa mtu, siku chache tu kimekufa. Hakikuja na meli, baba. Mmegusana na kulaliana huko kambini, kikatembea mtu kwa mtu. Wala usimsingizie Mihayo."

Akampa dawa nyeupe kama maziwa na maagizo yasiyo na mjadala: wajipake wote siku moja, kuanzia shingoni mpaka nyayo, mke, watoto, wachezaji na yule mzee, nguo na mablanketi yachemshwe na kuanikwa juani, kisha warudie. "Na hata vidudu vikishakufa mtaendelea kuwashwa kwa muda. Msije mkasema dawa yangu ni ya uongo."

Siku ya kupakana, Milembe ndiye alikuwa jemadari. Wanawake waliingia ndani, wanaume wakaenda nyuma ya zizi. Dawa ilichoma kweli kweli. Kijana wa kwanza alipoguswa pale palipochubuka aliruka juu na kutua kwa mguu mmoja, wa pili akamfuata, na mpiga ngoma hakuweza kuvumilia, akakimbilia ngoma yake. Mzee Ngassa, mweupe kuanzia shingoni kama aliyetumbukia kwenye unga, alizunguka zizi mara mbili akipiga vigelegele vya kike. Huko ndani wanawake walicheka mpaka wakashindwa kupakana.

Makoti, Milembe aliyachemsha bila huruma. Yalipokauka yalikuwa yamerudi hata mikono ikaishia kwenye viwiko, na vifungo havikufika tena kwenye matundu yake. Mboje alilishika koti lake, akalipima kifuani. "Tutayavaa wazi," alisema mwishowe. "Watu waone vifua."

Mchana mmoja, mashindano yakiwa yamekaribia, baiskeli ilisimama uani. Alikuwa Mihayo mwenyewe, amevaa shati la mikono mirefu katika jua lile.

"Mwadila," alisalimia, akamvuta Mboje pembeni. Alivua shati nusu. Mboje hakuhitaji kuuliza.

"Vijana wangu na wako walilala chumba kimoja kwenye ile harusi tuliyoalikwa wote kabla ya mavuno," Mihayo alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba umetutupia kitu."

Mboje alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Mihayo alimtazama kwa hasira kidogo, halafu naye akashindwa, akakaa. Baadaye Mboje alimpeleka kwa Felisita. Njiani Mihayo alisema jambo moja tu: "Ningi mwenzangu, usiniimbe."

Hilo lilikuwa gumu kuliko dawa. Ningi anaishi kwa kuimba aibu ya mshindani wake, na Mboje alikuwa na wimbo mzima kichwani, mtamu, wenye jina la Mihayo kila mstari. Aliumeza.

Siku ya mbina gulio lilijaa kuanzia asubuhi, watu wametoka Bukundi kwa miguu, mikokoteni na matrekta. Wagika waliingia na makoti yao mafupi, kitovu nje, na kicheko kikapita uwanja mzima. Mboje akainua mkono. Aliimba habari zake mwenyewe: ningi aliyeficha mikono, mke aliyechemsha dhahabu ya mumewe, kidudu kisichoonekana kilichomvua nguo mganga. Wachezaji walijikuna kwa mdundo, kushoto, kulia, kiunoni, na watu wakaanza kujikuna nao. Upande wa Wagalu ukabaki mtupu.

Ndipo Mihayo akasogea mbele. Hakuna aliyemlazimisha. Akapandisha mikono ya shati, akawaonyesha watu vipele vilivyoanza kukauka, akaimba kwamba huyo kidudu wa Mboje alipanda baiskeli mpaka Bukundi, na kwamba yeye Mihayo ameshapakwa dawa mahali asipoweza kupataja mbele ya mama mkwe. Umati ukapiga kelele, ukamkimbilia.

Ikawa hivyo mpaka jioni, watu wanamiminika huku na huku, vumbi limefunika malori, hata mnunuzi wa pamba akakata tamaa ya kuhesabu. Akaamuru dume lichinjwe pale pale, kila mtu ale. Milembe alimkamata Felisita mkono akamwingiza katikati ya uwanja, na yule mama, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza, akavua viatu, akavishika kimoja huku kimoja huku, akaanza kujikuna kwa mdundo.