Kipande cha Ardhi cha Mwalimu Kuwabara

Mwalimu Kuwabara, mwalimu wa darasa letu, alikuwa na neno moja tu, na alilitunza kama jino la dhahabu: isshokenmei, yaani kujitoa kwa roho yote. Kila Jumatatu alitukumbusha lilikotoka. Askari wa kale wa Japani alipewa na bwana wake kipande kimoja cha ardhi, akakilinda mpaka kufa. Kwamba askari yule alikula mavuno ya ardhi ile, na sisi tulilinda madawati, jambo hilo halikumsumbua.

Mitarai, mwenzangu wa chumba bwenini, alimwamini. Kwa miaka kumi na miwili hakuwa amekosa shule hata siku moja, na zilibaki wiki tatu apewe cheti cha mahudhurio kamili mbele ya mama yake.

Asubuhi moja ya Februari aliamka mwili unawaka. Muuguzi wa shule akamwambia aende hospitali mapema: ikiwa ni homa ya mafua, kwa kuwa inaambukiza, siku hizo hazihesabiwi kuwa za kukosa; ikiwa ni mafua ya kawaida tu, atakuwa amekosa shule. Mitarai akaiogopa hiyo "ikiwa" ya pili, akaenda kumuuliza Kuwabara.

"Askari hakuuliza anaumwa nini," Kuwabara akamjibu. "Kaa mahali pako."

Nilimwambia Mitarai kwamba askari huyo alikuwa na chawa pia, mbona hilo hatuigi.

"Nyamaza, mjinga wewe," akasema, meno yakigongana.

Akakaa. Kipindi cha tatu alianguka pamoja na kiti chake, wakambeba.

Hospitali walipima: homa ya mafua. Angekwenda asubuhi, rekodi yake ingebaki safi. Sasa Kuwabara alikwisha kuandika kwamba ameondoka kabla ya muda, na cheti kikaondoka naye. Tulimsihi afute. Akatueleza, kwa upole wa mtu anayejipenda, kwamba daftari la mahudhurio ndilo kipande chake cha ardhi.

Wiki iliyofuata akaugua yeye, homa ileile, siku tano. Hazikuhesabiwa. Siku ya mahafali mkuu wa shule alimzawadia saa ya ukutani kwa miaka ishirini bila kukosa kazini. Kuwabara akatokwa machozi.

Mitarai, mikono mitupu, alipiga makofi kuliko sisi sote. Nikamkanyaga mguu.

"Acha bwana, anastahili," akaninong'oneza.

Mstari wa nyuma, mama yake Mitarai hakupiga makofi.