Tabaka la Mwisho la Demecio

Jumatano ya Wiki Takatifu, saa nne asubuhi, Orlinda Maestas alifungua mlango wa gereji yake hapa mjini Española, akaliangalia gari la marehemu mumewe, akajipiga kofi la paja. "Mama yangu wee! Nimefanya nini mimi?"

Gari lenyewe si la kuulizia. Ni Impala ya mwaka sitini na nne, nyekundu ya pilipili iliyokauka, imeshushwa mpaka tumbo linakaribia kukwaruza sakafu. Siku zote ukiinama juu ya rangi ile unaona mpaka meno yako. Asubuhi hiyo Orlinda hakuona meno wala uso. Boneti nzima ilikuwa na michirizi myeupe na mabaka ya ukungu, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga maji ya moto. Akapitisha kitambaa, ukungu ukahamia kulia. Akapitisha tena, ukarudi kushoto.

Na Ijumaa Kuu ilikuwa keshokutwa. Kwetu, siku hiyo magari yote ya namna hii hutoka, yakajikokota barabarani taratibu mpaka bibi mwenye mkongojo anayapita, hadi uwanja wa kanisa, ambako padri huyanyunyizia maji ya baraka moja moja. Impala ya Demecio ndiyo hutangulia. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ni vile tu hakuna jingine lililowahi kung'aa kulishinda.

Lakini usidhani Orlinda alikuwa anaogopa aibu ya barabarani. Mwanamke yule aibu haimjui. Alichoogopa kilikuwa chini ya ule ukungu.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Januari, Demecio alilipaka gari nta kwa mara ya mwisho. Alitumia nta ile ngumu ya manjano, ya kopo, inayotoka kwenye majani ya mtende wa Brazili, na aliipaka kwa kiganja kitupu kama wanaume wa hapa wanaojua kazi. "Kitambaa hakina joto," alikuwa akisema. Alipaka juu, akapaka ubavuni, na sehemu ya chini ya milango akaibabaisha kama kawaida yake, kwa sababu ya goti lake bovu. Wiki tatu baadaye moyo ulisimama akiwa anavaa viatu.

Tangu hapo, kila baada ya miezi miwili, Orlinda alipaka tabaka jipya la nta ile ile, kwa kiganja chake, kisha akaling'arisha kwa kitambaa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: akipaka juu, lililo chini halitaguswa na jua wala mvua. Tabaka la Demecio lingekaa salama, pamoja na kiganja chake. Wakati mwingine aliongea nalo. Alilipasha habari za ukoo, nani kaoa, nani kafa, nani kajenga ukuta kwenye shamba la mwenzie.

Na kila Ijumaa Kuu alikuja wifi yake, Rufina, dada wa marehemu, akaweka mkono juu ya boneti na kusema, "Huu ni mkono wa kaka yangu." Akalia kidogo, kisha akaingia jikoni akala karibu sufuria nzima ya panocha, ule uji mzito wa ngano iliyochipua tunaokula Kwaresima.

Sasa, Jumapili ya Matawi Orlinda akaingia dukani kununua nta, akaona chupa ya dawa nyeupe kama maziwa, imeandikwa kwamba inafunga rangi mwaka mzima. Mwaka mzima! Akanunua. Akafika nyumbani akaipaka juu ya tabaka zote za nta, akaamini amemfungia Demecio ndani kama mtu anayefunika chungu. Ndiyo hiyo ikaleta ukungu.

Akampigia simu Celedón Archuleta. Celedón ndiye aliyelipiga gari lile rangi zamani, na alikuwa rafiki wa Demecio wa kula sahani moja. Alifika na kofia yake chafu, akalizunguka gari mara mbili, akainama, akanusa boneti.

"Shemeji, umepaka nini hapa?"

"Nta, kama siku zote."

"Nta gani? Sema kweli, sitakuchapa."

Orlinda akaitoa chupa alikoificha, nyuma ya tairi la akiba. Celedón akaisoma, akacheka mpaka akakohoa.

"Dawa hii juu ya nta? Shemeji, huku ni kujipaka mafuta halafu ukabandika plasta. Itashika wapi? Hii inawekwa kwenye rangi tupu, inaachwa siku nzima ikauke, ndipo nta inakuja juu. Ya chini kazi yake kushika, ya juu kazi yake kupendeza. Wewe umegeuza, umekosa yote mawili."

"Basi tutoe hiyo ya juu."

"Hakuna kutoa ya juu peke yake, zimeshachanganyikana. Tunaosha kwa sabuni ya vyombo, tunasugua kwa ule udongo mlaini wa kunasa uchafu wa rangi, tunafika kwenye rangi, tunaanza upya. Lete ndoo."

"Hapana."

"Hapana nini?"

Orlinda akasimama mbele ya gari, mikono kaitanua kama anazuia ng'ombe. "Chini kuna tabaka la Demecio. Alilipaka mwenyewe, Januari ile. Hulioshi wewe, hulioshi mimi, halioshwi na mtu. Afadhali Ijumaa nikae ndani."

Celedón akaivua kofia. Watu wa kazi yake hawajui kuzungusha maneno, na hapo ndipo alipokosea, au alipopatia, sijui. "Na wewe la kwanza ulipaka lini?"

"Machi."

"Shemeji, nta ya mtende ikijitahidi sana ni miezi mitatu. Tena ukipaka mpya, ile mpya ina mafuta ya kuyeyushia. Inailainisha iliyo chini, na kitambaa kinaondoka nazo zote mbili. Nta hazipandani kama matofali. Mbili, labda tatu, basi."

"Unasema nini, Celedón?"

"Nasema tabaka la Demecio lilitoka na kitambaa chako. Machi ile ile."

Kitambaa chenyewe kikampata usoni. "Toka! Toka gerejini kwangu!"

Akatoka. Hakwenda mbali, aligeuza ndoo uani, akaikalia, akatulia.

Orlinda akakaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu, akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Miaka minne anailinda nyumba isiyo na mtu! Miaka minne anapeleka habari za ukoo kwenye bati! Na kilichomuuma zaidi ni kwamba si mvua wala jua lililomwondoa Demecio. Ni yeye, kwa mkono wake, akijidhani anamtunza. Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akajifuta pua kwa upindo wa aproni, akawaza jambo, akapaza sauti.

"Celedón!"

"Bado nipo."

"Mwaka juzi padri alisimama akajitazama kwenye mlango wa gari hili, akachana nywele, mbele ya watu wote. Ile ilikuwa nta ya nani?"

"Ya aliyeipaka."

"Jina!"

"Orlinda Maestas, mjane mkorofi, ana shabaha ya kitambaa."

Kisha Orlinda akasema, "Lete hiyo ndoo uliyoikalia."

Wakaosha. Sabuni ya vyombo mara mbili, kisha udongo ule laini, kipande kwa kipande, huku Orlinda akiuma meno kila povu lilipoteremka. Mwishoni Celedón alimwaga maji safi juu ya boneti. Siku zote maji pale hujikunja vidonge vikakimbia. Safari hii yalilala bapa, yakabaki. Ndiyo dalili kwamba hakuna kitu juu ya rangi. Orlinda akayatazama maji yale, akasema, "Kwaheri, mzee," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemsindikiza mwenzie kituoni. Celedón akajifanya anatafuta kofia.

Wakakausha, wakapaka dawa nyeupe, nyembamba, wakafunga mlango. Alhamisi baada ya chakula cha mchana Orlinda akafungua kopo la nta, akachota, akaiyeyusha kati ya viganja. Celedón alikuwa amekuja na kitambaa kumsaidia.

"Weka hicho mfukoni," Orlinda akamwambia. "Hakina joto."

Akapaka boneti, akapaka paa, akapiga magoti akapaka chini ya milango mpaka kwenye kona ambazo hata mbwa hazioni. Saa zikapita, akapaka la pili. Alipomaliza, bega lilikuwa linawaka moto, na wekundu ule ulikuwa umekolea kiasi kwamba Celedón, aliyeuchanganya mwenyewe zamani, aliinama kuutazama upya.

Ijumaa asubuhi Impala ilikuwa uani, imeelekea barabarani, na injini za wengine zikisikika kwa mbali zikisubiri. Rufina akaja na gauni lake jeusi. Akaenda moja kwa moja kwenye boneti, akaweka mkono.

"Huu ni mkono wa kaka yangu."

Orlinda alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? "Hapana, wifi," akasema. "Ni mkono wangu. Wa kaka yako ulitoka zamani, na niliutoa mimi, bila kujua. Juzi nimeosha hata mabaki, kwa sabuni ya vyombo. Unisamehe."

Rufina hakulia. Aliinama kwa shida, akaelekeza kidole chini ya mlango wa dereva, mahali palipokuwa panawaka kama pengine pote.

"Wifi, kaka yangu alikuwa hapafiki hapa. Goti, na uvivu. Tangu akiwa kijana hapa chini palikuwa pamechakaa kama sufuria. Ijumaa Kuu ya kwanza bila yeye nilikuja nikaona panang'aa." Akajinyoosha, akajishika kiuno. "Nimejua kwa miaka minne ni mkono wa nani."

"Sasa ulikuwa unasema vile kwa nini?"

"Si nilikuona ulivyokuwa unanitazama? Ulikuwa unataka kusikia."

Orlinda akaukamata mkono wa wifi yake, akauminya mpaka Rufina akapiga kelele kwamba ana baridi yabisi. Kisha wote wawili wakacheka, huku machozi yakiwashuka.

"Panocha ipo jikoni," Orlinda akasema.

"Itasubiri," Rufina akajibu, akafungua mlango wa mbele, upande wa abiria, na kuketi. "Mwaka huu napanda. Washa gari, mpakaji nta, watu wanangoja."