Araba Wawili, Mji Mmoja

Mashine yetu ya gemu ilikuwa kompyuta kuukuu ya ofisini. Niliilaza chini ya cherehani ya mama, nyumbani kwetu Takoradi, ikivuma kutwa kama friji. Nusu ya gemu zilikuwa zangu, na nusu zilikuwa kwenye diski ya rafiki yangu Araba Eshun, tuliyoichomeka ubavuni. Marafiki saba wa mtaani walicheza kupitia waifai yangu, kila mmoja barazani kwake, na kila walipofikia palihifadhiwa kwenye mashine.

Jumamosi mchana Eshun aliingia bila hodi.

"Ekua! Nani kabomoa kanisa langu?"

"Kanisa gani tena, sista?"

"La mjini kwangu! Miezi mitatu najenga mji kwenye gemu ile, leo naufungua, kanisa hakuna, mfereji umepita katikati! Natoa diski yangu. Sichezi na wachawi mimi."

Alikwisha kupiga magoti chini ya cherehani. Bila diski ile maktaba yetu ya gemu ingebaki gofu, kila mtu arudi kwenye vigemu vyake viwili.

"Nipe dakika tano," nikamsihi.

Mashine huandika nani kaingia na lini. Siku tano mfululizo Araba alikuwa ameingia kwa simu isiyo ya Eshun. Nikagundua kosa langu. Kwetu msichana aliyezaliwa Jumanne huitwa Araba, nami niliwaandikisha wote kwa jina la siku tu, kama tunavyoitana. Neno la siri niliweka moja kwa wote. Wiki iliyopita alijiunga Araba Quansah, msusi wa nyumba ya pili. Nilimwambia abofye jina lake. Akalikuta, akalibofya.

Nikampigia, nikamuuliza habari za mji. Akaja na kitana mkononi.

"Ule mji? Si uliniwekea wewe nianzie? Nikasema, Ekua ana roho nzuri, ila mji wake ovyo."

"Ovyo?" Eshun aling'aka.

"Watu wako walikuwa wanakufa kwa kiu, mwenzangu! Mto uko nyuma ya kanisa, wewe umeuziba. Nimebomoa, nimeleta maji."

"Walikuwa mia tisa, wakitosha!"

"Sasa wako elfu nne."

Nikadakia, "Ninayo nakala ya kabla Quansah hajajiunga. Naurudisha mji ulivyokuwa, kanisa na yote. Sema tu."

Eshun aliinamia kioo cha kompyuta, mkono mmoja ungali kwenye waya wa diski. Wiki nzima mwezi uliopita alinililia kwamba mji umekwama, haukui, nami sikujua dawa. Sasa kando ya mfereji vijumba vilikuwa vimebanana, na watu wadogo kama mchwa wakichota maji.

"Hapa ungeweka daraja," akasema hatimaye.

"Mbao zimeisha."

"Zimeisha kwa sababu hujui kuuza chumvi. Sogea."

Akauachia waya, akavuta kigoda. Quansah akasogea kidogo tu.

"Nimesema sogea! Unakaa kama malkia?"

"Malkia ndiye mimi. Waulize watu elfu nne."

Nikawaacha wakisukumana, nikafungua orodha ya majina niirekebishe. Palikuwa na Kojo mmoja tu. Mimi nina marafiki wawili wanaoitwa Kojo, na wote wanacheza kwetu.

Nikachukua simu, nikalainisha sauti, nikampigia wa kwanza.