Wifi Hana Cheti

Pale duka la dawa, vidonge vya kuzuia mimba vilikuwa na mtindo wake. Mwanamke analeta ganda la pakiti iliyokwisha, analiweka kaunta bila kusema neno, anapewa pakiti mpya, anaondoka. Mambo kimya kimya, aibu ya nini? Mpaka bosi alipobandika tangazo ukutani: bila cheti cha daktari hakuna vidonge, na muuzaji atakayekaidi atafute kazi kwingine.

Tangazo halijakauka gundi, akaingia wifi yake muuzaji, mke wa kaka yake, ganda mkononi.

"Hili si lako," muuzaji akasema. "Wewe hujawahi kumeza hata kimoja."

"La jirani. Nipe kama hivi, wifi, kabla sijaonekana."

"Haraka ya nini? Kaa kwanza nikupime."

Mashine ikambana mkono, ikanguruma, ikatoa jibu. Lo! Presha juu, juu kabisa.

"Kwa presha hii vidonge hivi vinaweza kukupoozesha, mwenzangu."

"Na mimba je? Ile ya mwisho si uliniona mwenyewe? Mlishaanza kunililia nikiwa hai! Kaka yako anasema madaktari wanapenda kutisha watu. Anataka mtoto mwingine."

"Basi nenda hospitali wakuandikie."

"Hospitali! Dirisha la mapokezi amekaa nani?"

Muuzaji alimjua. Karani wa mapokezi ni huyo huyo kaka yake. Kila faili linapita mikononi mwake, na kinachopita mikononi mwake kinafika nyumbani kabla ya chakula cha jioni.

Nyuma yake, rafu ya pili, kulikuwa na vidonge vya aina nyingine, visivyogombana na presha. Alivijua. Alinyoosha mkono akaishika pakiti. Halafu akalitazama lile tangazo, akakumbuka alivyosota kutafuta kazi. Akairudisha mahali pake.

"Siwezi bila cheti. Nisamehe, wifi."

Wifi hakugomba. Afadhali angegomba, hata angetukana. Alishusha tu mkono wa gauni, akachukua ganda lake, akatoka.

Kupitia kioo, muuzaji akamwona anavuka barabara, anaingia duka la ng'ambo, lile linalouzia yeyote chochote. Mungu wangu! Hapo ndipo ujasiri ulipomjia, kama mgeni anayefika watu wameshakula na kunawa mikono. Akainyakua ile pakiti, akaiacha kaunta wazi, akakimbia.

Alimkuta wifi kizingitini, chupa ya maji mkononi.

"Usimeze! Nimekuletea vinavyokufaa!"

"Nimeshameza."

"Bila kukupima?"

"Wewe ulinipima, ukanirudisha. Hawa waliniuliza tu kama nina maji ya kumezea."

Muuzaji akamsogezea pakiti.

"Achana na hivyo, wifi, nakuomba. Chukua hivi. Hivi havina shida na presha."

Wifi akaitazama pakiti, asiipokee.

"Vilikuwepo nilipokuwa nimekaa pale kwako?"

"Vilikuwepo."

Wifi akafunga chupa yake, akampita, akashika njia ya nyumbani.